Usimuulize refa ni wa wapi, muulize alikuwa amesimama wapi

Ukikaa kando ya uwanja wa vikapu popote kati ya Kitale na Bungoma, kuna swali utalisikia kabla robo ya pili haijaisha. Refa anapuliza kipenga, ngumi iko juu, mama mmoja nyuma yako anarusha mikono, halafu jamaa fulani anauliza kwa sauti, "Kwani huyu refa ni wa wapi?"

Hakuna anayeuliza aliona nini. Hakuna anayeuliza leseni yake ni ya mwaka gani. Ni wa wapi, basi.

Hilo swali limenikaa kichwani tangu mwaka jana, nilipoenda kufanya mtihani wa urefa nikafeli. Wale mnanifuata mnajua chuo niliacha kwa miguu yangu mwenyewe. Huu mtihani sikuuacha, uliniacha. Na nilifeli ile sehemu nilidhani ni rahisi kuliko zote: mahali pa kusimama, cha kutazama, na mkono uende vipi. Marefa wenyewe huiita mekaniki. Ukiitaja hiyo Kitale mjini watu watakuelekeza gereji, lakini ndiyo roho ya kazi yao, na historia yake ni tamu kuliko nilivyotarajia. Tulieni niwapeleke nyuma kidogo.

Desemba 1891, Springfield, Massachusetts, Marekani. Nje ni theluji. Mwalimu mmoja Mkanada, James Naismith, amepewa darasa la vijana waliochoka na mazoezi ya ndani na wanasumbua kila mwalimu. Anatundika vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, futi kumi kutoka chini, na anaandika sheria 13. Kila mtu hukumbuka vile vikapu. Mimi nataka mkumbuke sheria ya 10 na ya 11.

Sheria ya 10 inamtaja mtu wa kuwatazama wachezaji. Kazi yake ni kuhesabu faulo na kumtoa nje anayestahili kutolewa. Sheria ya 11 inamtaja mtu mwingine kabisa, wa kutazama mpira: uko ndani au nje, ni wa upande gani, goli limeingia au halijaingia. Na huyo huyo ndiye anashika saa.

Soma hapo tena. Mchezo ulikuwa haujachezwa hata mara moja duniani, na mwenye kuuanzisha alikuwa tayari amekubali kwamba binadamu mmoja hawezi kutazama mpira na watu kwa wakati mmoja. Hakusema atafutwe mtu mwaminifu sana, mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika. Aligawa macho. Huyu atazame hapa, yule atazame pale.

Kila kitu ambacho marefa wanapimwa leo kimezaliwa hapo. Kwa mfumo wa marefa wawili, mmoja anakimbia mbele ya mashambulizi na kusimama kwenye mstari ulio chini ya kikapu. Mwingine anabaki nyuma, upande wa kushoto wa mchezo. Wanatakiwa wawe wamewafungia wachezaji wote kumi katikati yao, kama watu wawili wanaoswaga ng'ombe kwenye barabara ya Kiminini, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mpira ukiwa kwa eneo lako, uutazame. Mpira ukiwa kwa eneo la mwenzako, ondoa macho hapo, tazama wale hawana mpira. Hapo ndipo mtu hupigwa kiwiko.

Inaonekana rahisi. Jaribu uone. Jicho la binadamu linafuata mpira kama nzi na mandazi.

Sasa, mikono. Hii mikono ilitoka wapi?

Mwaka 1932, Juni, nchi nane zilikutana Geneva zikaunda shirikisho la dunia, FIBA. Zilikuwa Argentina, Czechoslovakia, Italia, Latvia, Rumania, Ugiriki, Ureno na Uswisi. Hebu fikiria refa Mlatvia anawaeleza Waajentina kwa nini mpira si wao. Miaka minne baadaye mchezo ukaingia Olimpiki ya Berlin, na Naismith mwenyewe alifika kuuona. Fainali ilichezwa nje, uwanja wa udongo, na mvua ikanyesha. Marekani 19, Kanada 8. Wale mliocheza shuleni Aprili uwanja umekuwa tope, sasa mnajua hata Olimpiki walipitia hayo.

Mchezo wa nchi nyingi hauwezi kuendeshwa kwa mdomo. Kwa hivyo mkono ukapewa lugha yake. Kiganja wazi juu: saa isimame, kuna kosa la kawaida, tuseme mtu ametembea na mpira. Ngumi juu: saa isimame, ni faulo. Halafu refa anaenda mahali ambapo meza inamwona vizuri na kusema mambo matatu kwa mfuatano usiobadilika: namba ya mchezaji, aina ya faulo, adhabu. Mfuatano huo unapimwa kwenye mtihani, na ukianza na adhabu kabla ya namba umepoteza alama, hata kama faulo yenyewe uliiona sawa.

Nilipofundishwa hayo nikaona ni ukarani tu. Halafu nikajua hadithi ya namba za jezi.

Ukipata seti ya jezi za vikapu za zamani, angalia migongo. Zinaanza na 4 na zinaishia 15. Nilidhani 1, 2 na 3 zimeibiwa stoo. Wapi! Ndivyo sheria ya FIBA ilivyokuwa kwa miongo mingi kwenye mashindano yake. Refa akionyesha kidole kimoja, viwili au vitatu tayari anasema kitu kingine: pointi, mitupo huru, zile sekunde tatu za ndani ya boksi. Ungempa mchezaji jezi namba 2, meza ingechanganyikiwa. Yaani wachezaji wa dunia nzima walivaa namba zinazotosha vidole vya refa! Mpaka 2014, FIBA ilipofungua mlango wa 0, 00, na 1 mpaka 99. Hapo marefa wakarudi darasani upya. Kuonyesha 16 sasa unaanza na mgongo wa mkono kuonyesha 1 ya makumi, halafu unageuza viganja kuonyesha 6. Refa aliyepata cheti 2009 na hakurudi tena kufundishwa, mchezaji wa 23 akifanya faulo, huyo refa anapiga kelele tu kuelekea mezani. Nimeona hiyo kwa macho yangu. Meza iliandika 13.

Na si namba pekee. Mwaka 2000 muda wa shambulizi ulitoka sekunde 30 ukawa 24, na gemu ikagawanywa robo nne za dakika kumi. Mwaka 2010 mstari wa pointi tatu ulisogezwa kutoka mita 6.25 mpaka 6.75, na lile boksi lililopanuka chini kama sketi likawa mstatili. Kuna viwanja huku kwetu bado vina ile sketi. Mwaka 2017 wakabadilisha hesabu ya hatua kwa mchezaji anayepokea mpira akiwa mbioni, ile watu huita hatua ya sifuri, na mpaka leo nusu ya kelele za mashabiki wa huku ni juu ya hiyo. Mtu anaruka anapiga nduru, "Ametembea!" Hajatembea. Sheria ndiyo imetembea.

Ndiyo maana leseni ya kimataifa ya FIBA hutolewa kwa miaka miwili, halafu unapimwa tena. Cheti cha urefa kinaharibika kama maziwa. Huku kwetu tumezoea cheti kama kile cha kidato cha nne, unakifunga kwa bahasha ya plastiki, mama anakiweka chini ya godoro, kimeisha.

Kenya imekuwa na siku zake kubwa. 1993 mashindano ya Afrika ya wanaume yalichezwa Nairobi, Angola wakachukua ubingwa na sisi tukamaliza wa nne. Kurudi kwenye mashindano hayo ilituchukua miaka 28, mpaka Kigali 2021. Mwaka huo huo, Februari, Tylor Ongwae alitupia Angola kikapu cha sekunde za mwisho kule Yaoundé, 74 kwa 73. Kila mtu ana ile video. Lakini rudia kuitazama na usimwangalie Ongwae. Tafuta marefa. Ni watatu, maana viwango vya juu vilishahama kutoka wawili. NBA walijaribu watatu msimu wa 1978–79, wakaona gharama, wakarudi kwa wawili, halafu 1988 wakakubali yaishe. Sababu ni ile ile ya Naismith. Wachezaji wakawa wakubwa na wenye kasi zaidi, macho mawawili hayakutosha, ikabidi waongeze jozi nyingine.

Sisi huku ni wawili. Siku mbaya, mmoja.

Na huyo mmoja ni nani? Kwa historia ya hizi pande zetu, ni mwalimu wa michezo. Vikapu vya shule huchezwa muhula wa kwanza, pamoja na hoki, mpira wa mikono na raga ya watu 15. Shule moja inaalika nyingine, lori linakuja limejaa wanafunzi na nyimbo, na mwalimu anayejua sheria kidogo anapewa kipenga. (Najua Kamusinga na St Anthony's mtaniambia mambo ya hoki. Hoki ni yenu, tumekubali. Leo ni vikapu.) Walimu hao walifanya kazi kubwa na sitawadharau, wengi wetu tusingegusa mpira bila wao. Lakini waliaminika kwa sababu ya walivyo: ni mwalimu, ni mtu mzima, anajulikana. Hakuna mtu aliwahi kuwapima wanasimama wapi.

Hiyo inafanya kazi shule mbili zikiwa za mtaa mmoja. Sasa chukua ramani. Kutoka Kitale unapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, unafika Webuye, unakata kulia kwenda Bungoma. Ni matatu moja, hata usingizi haujakushika vizuri. Lakini Trans Nzoia ilikuwa Bonde la Ufa na Bungoma ilikuwa Magharibi, na mpaka leo kwa michezo ya shule ndivyo ilivyo: hawa wanaenda kanda ile, hawa kanda nyingine. Pande zote mbili kuna Wabukusu, Wasabaoti, Wateso, Wakikuyu, Waturkana, na kila familia ina ndugu ng'ambo ya mpaka. Pia kuna kumbukumbu. 1992 watu walifukuzana mashambani pande hizi. 2006 mpaka 2008 ilikuwa Mlima Elgon, na sihitaji kuwaeleza, kuna watu wanasoma hapa walilala msituni wakiwa watoto.

Kwa hivyo mtu akipiga kelele "huyu refa ni wa wapi", najua kwa wengi ni mzaha wa uwanjani. Ila ni swali lililowahi kuulizwa kwenye hizi barabara bila mzaha, na jibu lako lilikuwa linaamua kama unafika nyumbani. Sipendi kulisikia karibu na watoto wa kidato cha pili.

Hapo ndipo narudi kwa mtihani wangu.

Ilikuwa wikendi moja Bungoma. Jumamosi asubuhi karatasi: maswali ya sheria. Nilipasua, kusoma mimi sijawahi kuwa na shida nako, shida yangu na chuo ilikuwa mambo mengine. Halafu mbio za mlio: mita 20, unaenda unarudi, mlio unazidi kukufukuza. Ni kipimo kilichotengenezwa na Luc Léger wa Montreal, kikachapishwa 1982, na FIBA waliweka mizunguko 86 kwa wanaume walio chini ya miaka 50 na 66 kwa wanawake. Mtu anaweza kuuliza mbio zinahusu nini na haki. Ni rahisi: ukichelewa kufika chini ya kikapu unaona migongo tu, na mgongo haukuonyeshi mkono uligusa nini. Nilimaliza nikiwa nimeinama kwa ua natapika chai. Lakini nilimaliza.

Mchana tukaingia uwanjani. Vijana wanacheza kweli, wewe unasimamia, mkufunzi anatembea kando na daftari. Dakika ya tatu hivi, mpira uko kulia kwa mwenzangu, mchezaji anaingia, anafunga kitu kizuri sana, mimi nikiwa chini ya kikapu upande wa pili karibu nipige makofi. Mkufunzi akasimamisha gemu.

"Kijana, ulikuwa umesimama wapi?"

Nikamwonyesha. Mahali palikuwa sawa.

"Na namba saba wa bluu alifanya nini?"

Nikageuka. Kulikuwa na mtoto wa timu ya njano, karibu mita mbili kutoka kwangu, ameshika mdomo. Damu kidogo kwa vidole. Namba saba wa bluu alikuwa amempiga kiwiko akitafuta nafasi, mbele yangu kabisa, kwenye eneo langu, na mimi nilikuwa natazama mpira ambao haukuwa wangu.

"Mwalimu, sikuona," nikasema.

"Hukutazama," akasema, akaandika.

Baadaye nilipewa karatasi yangu. Kila kosa lilikuwa na dakika, mahali, na jinsi lilivyotokea. Umechelewa kubadilishana nafasi baada ya faulo. Umeonyesha adhabu kabla ya namba. Umefuata mpira nje ya eneo. Hakuna mahali popote palipoandikwa jina la ukoo wangu linamaanisha nini au nilipanda gari ya wapi asubuhi. Nimewahi kunyimwa vitu maishani nikabaki kukisia sababu. Hii sikukisia. Niliweza kubishana nayo, na nilibishana, na kwa ile ya kuchelewa kubadilishana bado naamini nilikuwa sahihi.

Sasa najua mtakuja kwa maoni mniambie kuna refa mwenye kadi na ishara safi kama mwanajeshi na bado anauza gemu. Kweli yupo. Mekaniki haisomi moyo wa mtu. Mwizi anaweza kusimama mahali sahihi. Lakini mwizi aliyesimama mahali sahihi hawezi kusema hakuona, na huo ndio ulikuwa mlango wake wa kutorokea. Ukimpeleka mbele ya kamati, unauliza: eneo lilikuwa la nani, refa alikuwa hapa, njia ya macho ilikuwa wazi, kwa nini kipenga kilinyamaza? Bila viwango, kesi inageuka kuwa "mnatuonea kwa sababu ya kwetu," na kutoka hapo hakuna anayeshinda.

Kuna malalamiko mengine ambayo nayakubali bila ubishi. Kozi ni chache, nauli na ada zinatoka mfukoni mwa kijana ambaye akisimamia gemu posho yake huenda ikaja baada ya wiki mbili, kama itakuja. Wasichana wanaomba kozi wanaambiwa wakae mezani kuandika alama. Na kuna mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye amesimamia gemu tangu kabla nizaliwe, hana kadi yoyote, na anasimama vizuri kuliko mimi na wenye kadi wengi. Nilipomuuliza kwa nini hajawahi kupimwa alicheka, akaniambia hakuna mtu aliyewahi kuja kumpima. Kama mfumo hauwezi kumfikia huyo mzee, kosa ni la mfumo. Mkufunzi na daftari wanatosha kwenye matatu moja, waletwe Kitale na Kimilili, wamtazame gemu mbili, wampe kadi yake.

Na kitu kimoja kingewezekana hata muhula ujao bila shilingi: majina ya marefa na mwaka waliopimwa mara ya mwisho yabandikwe pale mezani kabla gemu kuanza. Mtu akitaka kupiga kelele awe na kitu cha maana cha kupigia kelele.

Mimi narudi kufanya tena. Nimekuwa nikienda uwanjani jioni, saa kumi na mbili hivi, vijana wanapocheza vikapu vya kujifurahisha. Sina kipenga. Natembea kwa ule mstari chini ya kikapu, kulia, kushoto, najilazimisha kutazama wale hawana mpira. Ni vigumu sana, wasee. Juzi kuna mtu alirusha kutoka katikati ya uwanja, kila mtu akapiga nduru, na sijui kama ulifika hata kwenye chuma. Nilikuwa natazama mvulana mmoja pale kona, ameshika jezi ya mwenzake kwa nyuma, taratibu, akidhani hakuna anayemwona.